Mkono wa kushoto wa Bi S.: uchambuzi wa kisa cha kuchagua sanaa ya mapigano ukiwa na kiungo dhaifu

Kuhusu kisa hiki

Mwanafunzi tunayemzungumzia ni mtu mzima mwenye mkono mmoja dhaifu, aliyepita klabu mbili kabla ya kutulia katika ya tatu. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina, umri kamili, kazi, mahali na majina ya klabu vimeondolewa, na mambo mawili matatu yamebadilishwa ili asitambulike. Mimi ni mwalimu msaidizi katika klabu hiyo ya tatu, na sanaa ninayofundisha ni jujitsu ya Kibrazili, ya kupambana chini kwa kukaba shingo na kufunga viungo. Msomaji alijue hilo mapema, ayapime maneno yangu ipasavyo.

Anayetafuta sanaa ya mapigano akiwa na ulemavu huulizwa na kila mtu, naye hujiuliza mwenyewe: mwili wangu unaweza kufanya nini? Swali si baya, ila linaangalia upande mmoja tu. Mwanafunzi mpya hushindwa mara nyingi zaidi kuliko anavyoshinda, na majeraha mengi humpata katika kushindwa: anapopigwa, anapoangushwa, kiungo kinapokunjwa. Bi S. alipotea njia mara mbili kwa kuuliza anaweza kufanya nini. Alipata mwelekeo alipoanza kuuliza atashindwa vipi.

Usuli

Bi S. ana miaka thelathini na kitu. Wakati anazaliwa bega lilikwama, na neva zinazotoka shingoni kwenda mkono wa kushoto zikavutika kupita kiasi. Madaktari huita hali hii kupooza kwa Erb, kwa jina la daktari wa neva wa Ujerumani aliyeieleza katika karne ya 19. Neva zinazoumia ni za juu, C5 na C6 (ya tano na ya sita za shingo), ambazo huendesha misuli ya kuinua bega, ya kukunja kiwiko na ya kuugeuza mkono kwa nje. Watoto wengi hupona chote au karibu chote. Wengine hubaki na athari maisha yao yote, naye ni mmoja wao.

Mkono wake unainuka hadi usawa wa bega, kisha unagoma. Akibana kiwiko ubavuni hawezi kupeleka kiganja pembeni, na hata mtu mwingine akiusukuma mkono upande huo unafika ukingoni upesi. Kiwiko hakinyooki chote; zinabaki nyuzi kama 25. Kiganja hakigeuki kikaangalia juu kikamilifu. Ngozi ya upande wa nje wa bega ina ganzi kidogo, jambo ambalo mwanzoni hakuna aliyelitilia maanani, ingawa baadaye ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Vidole vinashika vizuri. Mgongo, nyonga na miguu havina tatizo lolote.

Shuleni hakukatazwa michezo waziwazi. Alipewa daftari la kuandika magoli. Alipokuja kutafuta sanaa ya mapigano ukubwani alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza hata mara moja: lazima kuwe na mpinzani halisi mbele yake. Mazoezi ya kupiga hewa aliyakataa. Sharti hilo liliondoa nusu ya ushauri aliopewa, ukiwemo ule wa tai chi, ambayo ni zoezi zuri kwa viungo vigumu lakini si kitu alichokuwa akitafuta.

Klabu ya kwanza: ndondi

Alianza na ndondi, kwa hesabu iliyoonekana haina kasoro. Mkono wa kulia una nguvu, miguu ni mizima, na bondia mzuri hujiokoa kwa miguu. Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Kamba ya kuruka ilimsumbua, mfuko wa kupiga haukumsumbua.

Shida ilianza kwenye msimamo. Kwa kawaida bondia anayetumia mkono wa kulia husimama mguu na mkono wa kushoto mbele, wa kushoto ukirusha ngumi fupi za kupimia na wa kulia ukisubiri nyuma na ngumi nzito. Mkono wa kushoto wa Bi S. haukuweza kazi hiyo. Ngumi haikunyooka, na ilirudi polepole. Kocha, mtu mwangalifu, akamgeuza: mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma karibu na shavu, msimamo wa mashoto. Ngumi ya mbele ikawa nzuri papo hapo na kila mtu akafurahi.

Lakini ukisimama hivyo mbele ya mpinzani wa kawaida, ngumi yake nzito, ile ya kulia, inakuja moja kwa moja upande wako wa kushoto. Kinachotakiwa kuizuia ni mkono wako wa nyuma. Kwa Bi S. huo ndio mkono usioweza kukaa shavuni zaidi ya nusu raundi bila kushuka, kwa kuwa misuli inayokunja kiwiko ndiyo iliyoumia. Msimamo uliotatua tatizo la kushambulia ulifungua mlango wa kupigwa, tena kwa ngumi ile ile inayotisha zaidi. Alifundishwa kukwepa kwa kichwa na kiuno, na alijifunza, lakini kukwepa ni ujuzi wa miaka. Kabla ya hapo unapigwa.

Baada ya mapambano machache ya mazoezi, akiwa amevaa kofia ya kinga, aliamua kuacha. Kocha alimpa nafasi ya kubaki kwa mazoezi ya mfuko na pedi peke yake, akakataa kwa sababu ya lile sharti lake. Naona uamuzi ulikuwa sahihi. Kichwa hakizoei kugongwa, na mtu anayejua kwamba upande mmoja wa kinga yake utashuka kila raundi hana sababu ya kuendelea kulijaribu hilo.

Klabu ya pili: aikido

Mtu wa karibu alimshauri atafute “sanaa laini”. Akaenda aikido, sanaa iliyoanzishwa na Ueshiba Morihei huko Japani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ambayo shule zake nyingi hazina mashindano. Hakuna ngumi za kweli, hakuna mateke, na mwenzako ni mshiriki kuliko mpinzani. Hapo tayari sharti lake lilikuwa limelegea kidogo, lakini alitoka kwenye ndondi akiwa na hofu ya kichwa, na neno “laini” lilimvutia.

Ulaini wa aikido uko katika nia na katika mwendo. Kwa kiungo kinachokunjwa, mambo ni tofauti. Mazoezi huenda kwa zamu: leo wewe ndiye unayetupa, dakika inayofuata ndiye unayetupwa, na nusu ya kipindi mkono wako uko mikononi mwa mwingine. Mbinu moja ya msingi kabisa, shiho nage, humchukua mtu kifundo cha mkono, hupita chini ya mkono wake, kisha humkunjia mkono huo nyuma ya bega lake mwenyewe hadi aanguke chali. Ili mkono ufike pale, bega lazima liinuke na kugeuka kwa nje. Kwa mkono wa kushoto wa Bi S. huo ndio mwelekeo uliofungwa kabisa. Ni mbinu inayofundishwa kwa tahadhari hata kwa wenye mabega kamili.

Mwalimu aliambiwa kuhusu mkono, akawaambia wanafunzi waende taratibu. Wakaenda taratibu. Taratibu haikusaidia, kwa sababu tatizo halikuwa kasi. Mwenzake aliukunja mkono polepole, kwa adabu, hadi bega likafika ukingoni, na kwa kuwa ngozi ya pale ina ganzi na Bi S. hakutaka kuonekana mgumu wa kufundishika, hakusema kitu mapema. Akaamka siku iliyofuata hawezi kuvaa nguo bila kusaidiwa.

Kulikuwa pia na suala la kubingirika mbele, ambako mkono hutengenezwa upinde na mwili hupita juu yake kuanzia kiganjani hadi begani. Upande wa kulia alibingirika vizuri. Upande wa kushoto upinde ulikatika katikati, akawa anaangukia ncha ya bega.

Karatasi ya mtaalamu wa viungo

Maumivu ndiyo yaliyompeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Ushauri wa kwanza ulikuwa ule uliotarajiwa: apumzike, kisha afikirie kuogelea. Bi S. aliomba kitu kingine. Aliomba apimwe kila mwelekeo wa mkono na aandikiwe.

Karatasi aliyopewa ilikuwa ukurasa mmoja, na kwangu mimi ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kisa hiki. Kila mwendo wa bega, kiwiko na kifundo uliandikwa nyuzi zake mara mbili: unafika wapi akiusogeza mwenyewe, na unafika wapi ukisogezwa na mtu mwingine. Pengo kati ya namba hizo mbili lina maana kubwa. Kuinua mkono mbele, mwenyewe aliishia usawa wa bega, lakini mtaalamu aliupandisha juu zaidi bila shida. Hapo kizuizi ni udhaifu wa misuli. Mtu mwingine akiusukuma, kiungo chenyewe kina nafasi. Kugeuza nje, namba zote mbili zilikaribia sifuri. Hapo kizuizi ni kiungo chenyewe. Bega lililokua tangu utotoni bila misuli iliyosawazika hubadilika hata umbo la mfupa, na hakuna mazoezi ya kunyoosha yatakayolifungua kwenye mkeka. Kugeuza ndani, mkono ukielekea nyuma ya mgongo, kulikuwa na nafasi ya kutosha. Kiwiko kilikuwa na kizuizi kigumu kwenye nyuzi zile 25.

Chini kabisa mtaalamu aliandika sentensi moja: kwamba kwenye bega hilo maumivu huchelewa, kwa hiyo yasitumike kama kengele.

Kupima chaguo upya

Alikuja kwetu na karatasi hiyo mkononi. Tulikaa naye, mwalimu mkuu na mimi, tukapitia sanaa moja baada ya nyingine kwa swali lile la kushindwa. Klabu yetu ilikuwa na maslahi katika jibu, na kwa sababu hiyo tulimshauri aende kuangalia vipindi kwingine kabla ya kuamua. Alikwenda kwenye judo na taekwondo.

Taekwondo ndiyo aliyokuwa akishauriwa na kila mtu, kwa sababu mikono haihitajiki sana. Kwenye mashindano ngumi ya kifua hutoa pointi 1, teke la kifua 2, la kichwa 3. Tena ni mchezo wa Paralimpiki tangu michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021, na madaraja yake yaliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono hasa; humo kupiga kichwa hakuruhusiwi. Kwa mtu anayetamani mashindano, hoja hii ina uzito mkubwa. Kwa upande wa kushindwa palikuwa na mambo mawili. Mkono wa kushoto ungebaki ubavuni kama kinga, ukipokea mateke kwenye kiwiko kisichonyooka. Na mtu anayerusha teke anasimama kwa mguu mmoja: akikosea huanguka bila kupanga, na anayeanguka bila kupanga hutanguliza mkono.

Judo niliifikiria kwa muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa naipenda na kwa kuwa mshiko wa Bi S. ni mzuri. Kano Jigoro alipoianzisha mwaka 1882 aliweka kuanguka kuwa somo la kwanza, na hapo ndipo ilipomkwamia. Watu wengi hutupa kwa mkono wa kulia. Anayetupa kwa kulia hushikilia mkono wa kulia wa mwenzake hadi mwisho, hivyo anayetupwa hubaki na mkono wa kushoto wa kupigia mkeka. Kipindi kimoja cha judo ni kuanguka hivyo mara nyingi, karibu zote juu ya upande ule ule. Ingewezekana kumfundisha aanguke mkono ukiwa tumboni, lakini hiyo ni kuondoa breki na kuomba barabara iwe tambarare. Judo ina nafasi katika Paralimpiki tangu 1988, lakini ni ya wasioona na wenye uoni hafifu, si ya mikono.

Karate ilikuwa salama kiasi lakini ingemchosha roho. Mkono unaorudi kiunoni kiganja kikiwa juu, kinga ya juu ya uso, vyote hivyo hurudiwa kila siku pande zote mbili. Kila kipindi kingemkumbusha asichoweza.

Ikabaki jujitsu ya Kibrazili. Kwa juu juu ni chaguo la ajabu, mtu mwenye kiwiko na bega bovu kujiunga na sanaa ambayo lengo lake ni kukunja viwiko na mabega. Lakini darasa letu la wanaoanza huanzia magotini, kwa hiyo kuanguka ni kuchache. Hakuna kupigwa. Kushindwa kunakuja kwa njia mbili, kukabwa shingo au kufungwa kiungo, na zote mbili zina kitu ambacho ngumi na mweleka havina: muda wa kusema basi. Ukigonga kwa kiganja, ishara ya kukubali kushindwa, mwenzako anaachia. Na kati ya makufuli ya kawaida, yaani mbinu za kufunga kiungo, karatasi ilituonyesha kwamba moja tu, amerikana, linalopeleka mkono kwa nje kuelekea kichwani, ndilo lililo hatari kabisa kwake. Kimura, kufuli jingine la bega, hupeleka mkono upande wa pili, nyuma ya mgongo, ambako ana nafasi. Kunyoosha kiwiko ni hatari ya kati: mwisho unafika mapema, lakini unajulikana uko wapi.

Jina la kimura, kwa wasiojua, linatokana na Kimura Masahiko, aliyemfunga Hélio Gracie kwa kufuli hilo mwaka 1951 huko Brazili. Gracie hakugonga. Mkono ukavunjika, na pambano likasimamishwa na watu wake wa pembeni. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushujaa, nami huisimulia kwa wanaoanza kama onyo.

Mtu mmoja alimpa Bi S. mfano wa Nick Newell, Mmarekani aliyezaliwa bila sehemu kubwa ya mkono wake wa kushoto chini ya kiwiko na aliyefika kupigana kulipwa katika mapigano mchanganyiko. Ni mfano wa kweli na wa kutia moyo, lakini haukumfaa. Mkono usiokuwepo hauwezi kunyooshwa kwa nguvu. Wa Bi S. upo, una urefu wa kutosha kushikwa, na una mwisho ambao mshikaji hauoni. Ulemavu wa mkono wa aina mbili, hata ukiwa na jina moja kwenye fomu, unaweza kutaka mambo yanayopingana.

Uamuzi na masharti yake

Alichagua jujitsu. Sababu aliyoitaja kwanza haikuwa usalama. Alisema katika kipindi alichoangalia aliona mtu mdogo akiwa chini na bado hajashindwa, na hilo hakuliona kwingine. Naliandika kwa kuwa tulikuwa tumejaa nyuzi na makufuli, na ingekuwa uongo kudai kwamba hesabu peke yake ndiyo iliyoamua.

Masharti tuliyokubaliana ni haya. Amerikana kwenye mkono wa kushoto haifanywi, na mtu yeyote, hata kwa mfano. Kufuli lolote lingine upande huo atagonga kwa mahali, si kwa maumivu: mkono ukifika pale karatasi inaposema, anagonga, hata kama hasikii kitu. Kabla ya kila pambano la mazoezi anamwambia mwenzake. Mapambano yanayoanza kwa kusimama yasubiri.

Yaliyotokea

Miezi ya mwanzo ilikuwa na mambo ya kufurahisha. Mkono uliogeuka ndani, ambao maisha yake yote uliitwa umekaa vibaya, ukiwa chini ya mtu hulala wenyewe mbele ya kifua kama gogo la kumzuia. Wanafunzi wengine tunawafundisha kwa wiki kadhaa wasipanue viwiko, yeye hakuhitaji. Kazi ya kuwaweka watu mbali akaipa miguu, na miguu yake ikawa hodari upesi. Alijifunza kuepuka kulalia ubavu wa kushoto, kwa sababu mkono ukibanwa chini ya mwili hauna nguvu ya kujitoa.

Kisha likatokea lile tulilodhani tumelizuia. Mgeni kutoka klabu nyingine, mwenye uzoefu, alikuja kufanya mazoezi. Bi S. alimwambia kuhusu mkono. Mgeni akaitikia, pambano likaanza, na katika joto la mchezo mwili wake ukafanya ulichozoea: aliuona mkono wa kushoto sakafuni, akafunga amerikana. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amesahau. Bi S. aligonga mara moja, kwa mahali kama tulivyokubaliana, na jeraha likawa mvutiko wa kawaida uliohitaji mapumziko ya wiki chache. Angesubiri maumivu, sidhani ningekuwa naandika kisa cha aina hii.

Tangu hapo anavaa mkanda wa kitambaa chenye rangi kali juu ya mkono wa sare, na wageni hawapangiwi naye siku ya kwanza.

Jambo la pili lilikuja kinyume chake. Wanafunzi wetu wenyewe, baada ya tukio lile, waliacha kabisa kugusa upande wa kushoto. Hawakumfunga, hawakumpita (kuvuka miguu yake), hawakumkandamiza upande huo. Walikuwa wanamheshimu, na kwa heshima hiyo walimnyima mafunzo. Alianza kuacha upande huo wazi kwa kuwa haukuwahi kumletea hasara. Mwenyewe ndiye aliyeligundua, akaja kulalamika kwa hasira kwamba amerudishiwa daftari la magoli. Tukapanga dakika chache mwishoni mwa kila kipindi, na mwenzake mmoja anayeaminika, ambapo upande wa kushoto unashambuliwa makusudi kwa kasi ndogo: kukandamizwa, kupitwa, kimura, kunyooshwa kiwiko hadi kwenye alama yake.

La tatu hatukulitarajia hata kidogo. Mkono wa kulia uliumia. Ulikuwa unafanya kazi ya mikono miwili, ukishika kola, ukivuta mkono wa sare, ukisukuma, ukijiinua kutoka sakafuni. Maumivu yalianza kwenye kano za upande wa nje wa kiwiko, yakaja taratibu na kukaa muda mrefu. Ukihesabu vipindi alivyokosa, mkono mzima umemgharimu zaidi kuliko mkono dhaifu.

Matokeo

Amepita mwaka na bado anafanya mazoezi, mara mbili kwa wiki badala ya tatu, kwa ajili ya kiwiko cha kulia. Hajashindana. Nguvu ya kukunja kiwiko cha kushoto imeongezeka kidogo kwa vipimo vya mtaalamu wake. Kugeuza nje hakukubadilika, kama ilivyotabiriwa. Mapambano ya kuanza kwa kusimama ameyaanza kwa tahadhari, akijifunza kuketi chini mwenyewe kabla ya kuangushwa, jambo ambalo sheria za jujitsu zinaruhusu akishakuwa na mshiko kwa mwenzake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutofautisha kizuizi cha misuli na kizuizi cha kiungo. Bila namba zile mbili kwa kila mwendo, klabu ingebaki na neno “mkono dhaifu”, na mtu akisikia “dhaifu” hufanya kile kile walichofanya kwenye aikido: hupunguza kasi. Kupunguza kasi hulinda misuli dhaifu. Kiungo kilichofungwa hakilindwi na kasi. Kinalindwa kwa kutopelekwa upande ule kabisa. Ningependa kila mwanafunzi mwenye ulemavu wa kiungo aombe karatasi kama ile kabla ya kulipia klabu yoyote, na aombe kwa maneno hayo hayo, kwa sababu mtaalamu ambaye hajawahi kuona mkeka hatajua kuwa namba ya pili inahitajika.

Kugonga kwa mahali pia kulifanya kazi, lakini kuna gharama. Anagonga mara nyingi mahali ambapo angeweza kutoroka, na wenzake wapya humdhania mwoga. Anavumilia hilo vizuri kuliko ambavyo ningelivumilia mimi.

Kilichoshindwa kwanza ni kutegemea kauli. Kumwambia mtu kabla ya pambano kunatosha kwa mtu aliyetulia, na pambano halimwachi mtu ametulia. Alama inayoonekana machoni wakati wote, pamoja na kuchagua nani apambane naye, ilipaswa kuwepo siku ya kwanza. Udhaifu wa pili ulikuwa wa hesabu yetu wenyewe. Tulipima kila sanaa kwa mkono wa kushoto na kusahau kwamba mwili ni mmoja. Swali la kushindwa tuliliuliza kwa kiungo kilichoumia peke yake, ilhali kushindwa kwa taratibu, kwa kuchoka, hukifikia kiungo kinachobeba wenzake. Mpango wa kupumzisha mkono wa kulia, na mbinu zinazotumia miguu kushika badala ya vidole, vilipaswa kuanza mapema.

Je, taekwondo ingekuwa bora? Kwa mtu mwenye hali hii hii anayetamani medali, nadhani ndiyo, na ningemshauri aende akapangiwe daraja na wapimaji wanaotambuliwa kabla umri haujasonga. Kwa mwenye goti bovu swali la kushindwa linageuza kila kitu: jujitsu yenye kufuli za visigino na magoti yanayosokotwa ingeshuka hadi chini ya orodha, na ndondi ya pedi na mfuko ingepanda. Kwa hiyo nisieleweke kama napendekeza sanaa yangu kwa walemavu wa aina zote. Nilikuwa na bahati kwamba karatasi ya huyu mmoja iliangukia upande wetu.

Kuna jambo hatujalimaliza. Mtihani wa mkanda unaokuja unataka mbinu za msingi zionyeshwe kulia na kushoto, amerikana ikiwemo. Kuifunga amerikana kwa mwingine si tatizo kwake. Baadhi ya mbinu za kujiinua kwa mkono wa kushoto ndizo tatizo. Mwalimu mkuu anasema mkanda ni kipimo cha ujuzi, hivyo aonyeshe kwa kulia na kwa kushoto aeleze kwa mdomo huku mwingine akifanya. Mimi naona atengeneze njia yake ya kushoto, hata kama haimo kitabuni, na apimwe kama inafanya kazi dhidi ya mtu anayekataa. Bi S. yuko upande wangu, jambo lisilomshangaza mwalimu mkuu wala kumbadilisha mawazo.